Kabla hujapanda matatu ya ocha, nani atawaangalizia samaki maji?

Kila semesta inapofika ukingoni, steji ya Kesses hugeuka soko. Magodoro yamekunjwa na kufungwa kamba, sufuria zinagongana ndani ya karai, na makondakta wanang'ang'ania mabegi ya makomredi utadhani ni yao. Nimesimama hapo mara nyingi na nimeona watu wakibeba kila kitu: woofa, mtungi wa gesi, hata paka ndani ya katoni. Sijawahi kumwona mtu amebeba tangi la samaki likiwa na maji yake.

Tangi hubaki. Na kinacholipata likibaki ndicho kimenifanya niandike haya kabla likizo haijabisha hodi.

Siku hizi ukizunguka kwenye makeja ya wanafunzi karibu na Chuo Kikuu cha Moi, hukosi kuona tangi dogo la vioo juu ya meza, taa ya buluu, na samaki wanne watano wanaozunguka humo. Ni kitu kizuri. Samaki hawabweki, hawakwaruzi mlango, na mwenye ploti hana la kulalamikia. Mtu akitoka kwenye mtihani uliomchapa, dakika kumi za kuwatazama tu zinamrudishia pumzi. Sina neno na hobi hiyo. Mimi mwenyewe ni mgonjwa wake.

Neno langu ni hili: tunanunua samaki kama watu ambao hawatawahi kusafiri.

Nikupe yangu kwanza, usije ukadhani nakuhubiria. Desemba fulani nilienda kwetu Kitale kwa wiki mbili. Nilikuwa na gapi watano, wale wadogo wenye mikia kama leso. Usiku wa kuamkia safari nilimgongea jirani, nikampa ufunguo na kopo la chakula. Nikamwambia, "Bana, ukiona maji yamepungua, ongeza." Akasema, "Hakuna noma." Nikalala usingizi mzuri.

Jirani naye ni mtu, Krismasi pia ni yake. Alienda kwao siku tisa. Aliporudi alikuta maji yameshuka chini ya mdomo wa filta, pampu inanguruma kavu kama jiko la stovu lililoishiwa mafuta. Akashtuka, maskini. Akachota maji ya bomba, baridi kama yanavyokuwa alfajiri ya Kesses, akamimina karibu nusu ndoo kwa mara moja. Halafu kwa huruma, akidhani wana njaa, akawamwagia chakula cha kama siku nne.

Niliporudi Januari, gapi walikuwa wawili.

Nilitaka kumkasirikia. Nilikuwa nimeshapanga hata maneno. Lakini nikijiuliza kwa haki, alifanya nini ambacho sikumwambia? Nilisema ongeza, akaongeza. Sikumwambia maji gani, kiasi gani, wala kwa mwendo gani. Sikumwambia kwa sababu mimi mwenyewe sikuwa nimewahi kufikiria. Niliyekosa ni mimi, na msimamo wangu tangu siku hiyo haujabadilika: maji ya tangi ni kazi ya mwenye tangi, hata akiwa mbali. Huwezi kumwachia jirani ufunguo ukadhani umemwachia na akili yako.

Sasa tuelewane kuhusu maji yenyewe, maana wengi hudhani kushuka kwa maji ni jambo la sura tu, tangi linakaa vibaya kwa picha.

Chukua tangi dogo la kawaida, urefu sentimita 40, upana 25, maji yamesimama sentimita 20. Hesabu ni rahisi: hiyo ni lita 20, na kila sentimita moja inayoshuka ni lita moja iliyopotea. Sema maji yanashuka milimita tatu kwa siku. Ni kitu cha kudharau, hutakiona kwa macho. Lakini kwa siku 14 ni lita 4.2. Zaidi ya moja ya tano ya maji yote imeenda hewani.

Na kilichoenda ni maji peke yake. Chumvichumvi na uchafu wa samaki haupandi hewani, unabaki. Kwa hiyo kila kilichoyeyuka humo kinazidi kukolea, kwa kama robo hivi katika mfano wetu. Ni kama supu iliyosahauliwa jikoni: maji yanapungua, chumvi inabaki ile ile, na ukionja mwishoni unatema. Tofauti ni kwamba samaki hawezi kutema. Hiyo supu ndiyo nyumba yake.

Tangi likiwa kubwa, mabadiliko haya huja polepole. Likiwa dogo, kila kitu huenda mbio. Ndiyo maana sisi wa matangi madogo, tunaojiona hatuna kazi kubwa, ndio wenye kazi kubwa zaidi.

Kuna pia mitambo. Filta inayoning'inia nyuma ya tangi huvuta maji kwa mrija, na maji yakishuka chini ya mdomo wa mrija pampu inazunguka bila maji na kuungua. Hita nayo ina mstari unaoonyesha maji yasishuke chini ya hapo. Kioo chake kikibaki nje ya maji kikiwa na moto, kinaweza kupasuka.

Na usisahau tuko wapi. Kesses iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Usiku ni baridi, na samaki kama gapi wanapenda maji ya uvuguvugu, kwa hiyo wengi wetu tunaweka hita. Maji ya moto ndani ya chumba cha baridi hutoa mvuke haraka. Jaribu kikombe cha chai kando ya dirisha asubuhi uone. Likizo ya Desemba nayo huangukia kiangazi, hewa ni kavu na upepo hauchoki. Isitoshe, kwa urefu huu shinikizo la hewa liko chini ya lile la Mombasa kwa zaidi ya asilimia 20, na maji hupokea oksijeni kidogo kwa kiwango hicho hicho. Filta ikifa kwa sababu ya maji kushuka, maji hayatibuliwi tena, na samaki wa huku juu hana akiba kubwa ya pumzi ya kuchezea.

Nilipoanza kutafuta suluhisho nilikutana na vifaa vya kujaza maji vyenyewe, vyenye kihisio na pampu yake. Ni vizuri, lakini bei yake ungenunua tangi lingine. Tena vinategemea stima, na stima yetu tunaijua. Nikafikiria paipu ya kudondosha maji tone kwa tone kama ile dripu ya hospitali. Hiyo ni hatari. Dripu haijui kama tangi limejaa. Ukikosea hesabu ya matone, siku ya kumi unapigiwa simu kwamba maji yamepita chini ya mlango hadi kwa jirani, na ekstensheni yako iko sakafuni.

Jibu lilikuwa nyuma ya ploti, kwenye banda la kuku.

Mama mwenye ploti wetu alikuwa na kile chombo cha kunyweshea kuku, chupa iliyopinduliwa juu ya sahani. Nilikuwa nimekipita kila siku nikienda kuanika nguo. Siku moja nikamuuliza, "Mama, ukisafiri nani huwawekea kuku maji?" Akanicheka. "Kijana wangu, nikienda Iten siku mbili kwa harusi sihitaji mtu. Chombo kinajua chenyewe."

Kinajua kweli. Chupa imejaa maji, mdomo wake umezama kwenye sahani. Hewa haiwezi kuingia, kwa hiyo maji hayawezi kutoka, kwa sababu hewa ya nje inaisukuma sahani na kuyazuia yasishuke. Kuku wanapokunywa hadi maji yaachane na mdomo wa chupa, puto la hewa linaingia, maji kidogo yanatoka, mdomo unafunikwa tena, na mchezo unasimama. Hakuna stima, hakuna kompyuta. Maji yanabaki pale pale mdomo wa chupa ulipo.

Fanya hivyo hivyo kwenye tangi. Tafuta chupa ngumu ya lita tano, ya mdomo mpana. Ijaze, ipindue, na uishike kwa fremu ya mbao ili mdomo wake uguse maji pale unapotaka yasimame. Kwa lile tangi letu la lita 20, chupa hiyo moja inakutosha wiki mbili na chenji inabaki.

Kuna mambo manne ya kuchunga hapa. Chupa ikiwa nyembamba, ile inayobonyea ukiishika, itabonyea na kumwaga maji ovyo. Mdomo ukiwa mwembamba sana, hewa inakataa kuingia na maji yanakwama ndani. Chupa ikipigwa na jua la dirishani, hewa iliyo ndani hutanuka mchana na kusukuma maji nje hata kama hayajahitajika, na hapa kwetu, asubuhi baridi na saa saba jua la kuchoma, hilo si jambo dogo. Weka kivulini, na uache nafasi ya sentimita tatu nne juu ya tangi kwa dharura. La nne ni uzito: lita tano ni kilo tano. Fremu ikitetereka, kilo tano zinaangukia kioo. Funga vizuri.

Lakini kabla hata ya chupa, fanya mawili ya bure. Kwanza, funika tangi kwa kioo au plastiki ngumu, ukiacha upenyo kidogo wa hewa. Mvuke unagonga kifuniko, unageuka matone, unarudi ndani. Wengine wakishafunika tu, wanagundua hata chupa hawaihitaji kwa safari ya wiki moja. Pili, pima. Bandika kipande cha selotepu kwenye kioo, sawa na maji yalipo leo. Baada ya siku saba, angalia yameshuka kiasi gani. Usichukue namba yangu ya milimita tatu. Chumba chako si changu, hita yako si yangu. Huwezi kupanga safari ya wiki mbili kwa kubahatisha wakati wiki moja ya kupima haikugharimu kitu.

Na chupa ijaribiwe wiki hiyo hiyo, ukiwepo. Ikimwaga, imwage ukiwa na tambara mkononi.

Swali la maji gani ya kujazia linawasumbua wengi. Nimesema kinachopotea hewani ni maji matupu, kwa hiyo kinachorudishwa kiwe karibu na maji matupu. Maji ya mvua yanafaa sana. Acha mvua ya kwanza ioshe vumbi na kinyesi cha ndege kwenye mabati, ndipo ukinge, tena ukinge mapema kabla mvua haijakata. Kama huna, tumia maji ya bomba, lakini kumbuka klorini inayowekwa humo kutukinga sisi na magonjwa huchoma matamvua ya samaki, yale mashavu wanayopumulia, na kuua bakteria wazuri wa kwenye filta. Yaache kwenye ndoo wazi siku moja au mbili, au utumie dawa ya kuondoa klorini, ambayo ndiyo njia ya uhakika zaidi. Hilo la jirani yangu, maji ya baridi moja kwa moja kutoka bombani, nusu ndoo kwa mpigo, ni kama mtu akuamshe kwa kukumwagia barafu halafu akuulize mbona unatetemeka.

Siku mbili tatu kabla ya kusafiri, badilisha kama robo ya maji, na usuuze sponji ya filta kwa maji yale yale ya tangi, si ya bomba. Wiki hiyo usinunue samaki mpya. Nyaya zote zipite chini ya soketi kabla ya kupanda kuingia, ili tone likishuka kwenye waya lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye stima.

Baada ya hayo, jirani anabaki na kazi gani? Ndogo, na ndivyo inavyofaa. Kazi yake ni kuangalia, si kutenda. Mwandikie kwenye karatasi, uibandike ukutani: selotepu iko hapa, maji yakishuka vidole viwili chini yake nipigie. Chakula kifunge kwenye vikaratasi, kimoja kwa kila siku ya kulisha, na kopo ulifiche. Samaki mzima mwenye afya hukaa siku kadhaa bila kula na asidhurike. Kinachomuua ni chakula kilichozidi, kinachooza chini na kutoa amonia. Wengi wa samaki wanaokufa likizo, nashuku, hufa wakiwa wameshiba.

Najua atakayesoma hapa atasema: ni samaki tu. Gapi ni wa bei ndogo, mbona hadithi yote hii? Wakifa si unanunua wengine?

Hoja hiyo ndiyo inayoniudhi kuliko zote. Bei ya kitu si kipimo cha mateso yake. Ng'ombe wa maziwa wa huku Uasin Gishu hawezi kuachwa wiki mbili bila mtu, na hakuna mkulima atakayejisifu kwamba alimwacha. Samaki anaachwa kwa sababu hana sauti ya kutuaibisha mbele ya majirani. Ng'ombe angelia ploti nzima ingejua. Samaki akikosa hewa anapanda juu, anafungua na kufunga mdomo, kimya, usiku kucha. Wewe uko ocha unakula kuku. Yeye hakukuomba umlete Kesses. Ulimtoa dukani mwenyewe, kwenye mfuko wa plastiki, ukimwonyesha kila mtu kwenye simu.

Wengine watasema kinyume: basi mwanafunzi asifuge kabisa. Hapo pia nakataa. Tukingoja tuwe na nyumba zetu na kazi ya kudumu ndipo tujifunze kutunza kiumbe, wengi tutajifunza tukiwa wazee. Tangi la lita 20 ni darasa zuri. Linakufundisha kupima, kusubiri, na kupanga kabla ya tatizo. Sharti liwe moja tu: siku ya kununua, kabla hujatoa pesa, jiulize Desemba na Agosti utakuwa wapi. Ukikosa jibu, nunua mmea.

Na ukiona umeshindwa, wape rafiki au uwarudishe dukani. Tafadhali usifanye lile ambalo nimewasikia wengine wakilisema kama huruma, eti "nitawaachilia tu kwenye bwawa la Kesses, wawe huru." Samaki wa tangi si wa bwawa. Wengi watakufa kwa baridi, na watakaopona wanaweza kuleta magonjwa au kuwanyang'anya wenyeji chakula. Sisi wa pande hizi tuna somo karibu. Gugumaji asili yake ni Amerika Kusini, na lilisambazwa duniani kwa sababu ya ua lake zuri, pambo la madimbwi. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 lilikuwa limeonekana Ziwa Victoria, na hadi leo wavuvi wa Kisumu wanalisukuma kwa makasia. Pambo la mtu mmoja likitupwa kwenye maji ya watu wote, huwa mzigo wa wote.

Wale gapi wangu wawili waliobaki walizaa. Likizo iliyofuata nilifunika tangi, nikapindua chupa, nikabandika selotepu na karatasi ukutani. Jirani, yule yule, nilimwachia ufunguo tena, na mara hii nilimwomba aangalie tu. Siku ya sita alinitumia picha. Maji yalikuwa sawa na selotepu. Akaniandikia chini yake, "Sasa mimi nifanye nini?"

Nikamjibu: usifanye kitu. Kazi niliimaliza kabla sijapanda matatu.